Zamu Isiyotangazwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya miguu isiyolingana, nalo limeegemezwa ukutani mwa duka lililokwisha kufungwa, mkabala na lango la kanisa. Aketiye hapo huuona mlango wa kanisa, huiona kengele, na ubavuni huiona nyumba ya mchungaji yenye dirisha linalotazama barabara. Asubuhi hiyo ya Jumanne dirisha lilikuwa limefungwa. Walioketi ni wale wale wa kila siku: Mama Birika, muuza kahawa, mwenye jiko la mkaa na ulimi wa moto kuliko jiko, Fundi Kisigino, mshona viatu, ambaye hubishana huku misumari midogo ameibana midomoni, Breki, aliyekuwa dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu maneno yake hayana hata moja, na Mzee Ajenda, mzee wa kanisa, ambaye hata maji hanywi kabla hajauliza kama kuna yatokanayo. Alasiri ya siku hiyo baraza la wazee lingekutana kuamua kama mchungaji aendelee na huduma au aombwe kuiacha mimbari pamoja na nyumba. Mzee Ajenda alikuwa amekuja kukusanya maoni ya watu, na katika mfuko wa koti lake mlikuwa na miwani isiyo yake.

Breki: Mama Birika, nimiminie. Halafu mtu anieleze taratibu. Jumapili mimi nilikaa nyuma ya yule mama mwenye kilemba kama paa la nyumba. Sikuona kitu. Nilisikia kimya, nikadhani umeme umekatika.

Fundi Kisigino: Umeme gani! Mchungaji alipanda mimbarani, akafungua Kitabu, akasoma habari za Eliya kule jangwani, pale anapojilaza chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Akasoma. Akarudia. Akarudia tena.

Mama Birika: Mara ya mwisho sauti ilikuwa ya mtu anayejisomea mwenyewe chumbani.

Fundi Kisigino: Kisha akasema, "Ndugu zangu, leo sina neno." Akavua miwani, akaiweka juu ya Kitabu, akatokea mlango wa pembeni. Basi.

Breki: Na kwaya?

Fundi Kisigino: Kwaya walidhani hiyo ndiyo ishara yao. Wakaangusha wimbo wa shangwe, makofi juu.

Breki: Loo! Walikuwa wamejiandaa hao.

Mzee Ajenda: Tuendelee kwa utaratibu. Swali lililo mbele yetu ni moja: mchungaji amepatwa na nini? Baraza linataka jibu kabla ya alasiri. Nani anafungua?

Breki: Mimi hapa. Kaitwa kanisa kubwa la mjini, lenye viti vya kuzunguka. Dereva akitaka kuhama kampuni hasemi anahama. Leo gari linapata joto, kesho klachi inateleza, keshokutwa yuko kwa tajiri mwingine. Huo ni mgomo baridi.

Fundi Kisigino: Wewe kila kitu lori. Yule kafunga kupita kiasi. Njaa ikishamaliza tumbo, inapanda kichwani kula maneno.

Mama Birika: Kufunga gani? Kila asubuhi huja na chupa yake, namjazia kahawa, ananiuliza kijana wangu ameamkaje. Jumapili hakuja. Jana hakuja. Leo jua hilo, hajaja.

Fundi Kisigino: Si ndiyo kufunga huko?

Mama Birika: Hebu nitolee.

Breki: Basi kapigwa ububu. Kama Nuhu tumboni mwa samaki.

Mama Birika: Huyo ni Yona! Na aliyepigwa ububu ni Zakaria, hekaluni.

Breki: Si wote ni wa humo humo? Mimi ninachosema, kaona kitu. Malaika kamnong'oneza siku ya mwisho wa dunia, halafu akamziba mdomo asituvujishie.

Fundi Kisigino: Mtu anayejua dunia inakwisha, mbona Jumamosi alikuwa anapaka uzio rangi?

Breki: Geresha hiyo. Ili tusishtuke.

Wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Kila mmoja aliitupia macho ile nyumba ya ng'ambo, kisha akayarudisha upesi kwenye kikombe chake, kama mtu aliyechungulia mahali asipopaswa.

Mzee Ajenda: Nitasema lililo wazi. Imani imepungua. Mchungaji ni mwamba, na mwamba haukosi neno. Mwaka jana alipofiwa na mkewe, mliona wenyewe. Mvua ilikata barabara, mchungaji wa jirani hakufika. Yeye mwenyewe akavaa joho, akamzika mkewe kwa kinywa chake mwenyewe. Jumapili iliyofuata yuko mimbarani. Baraza likapitisha kauli ya shukrani.

Mama Birika: Kauli ya shukrani.

Mzee Ajenda: Bila kupingwa.

Hapa, ndugu msomaji, niruhusu nisimame kidogo. Tumefundishwa kwamba mikono ya Musa ilipokuwa mizito kule kilimani, watu wake hawakubaki bondeni wakisifu uimara wa mabega yake. Walimtafutia jiwe akalikalia, Haruni akaushika mkono mmoja na Huri akaushika wa pili, hata jua likatua. Sisi tumejiwekea desturi nyingine. Tunamwona mtu akiwafukia wapendwa wake kwa mikono yake mwenyewe, na kwa kuwa hakulia mbele yetu tunampigia kura ya pongezi. Ole wa kundi limnyoalo mchungaji wake sufu, kisha likashangaa kumwona akitetemeka kwa baridi!

Breki: Mnajua kilichoniuma zaidi? Hata zamu Jumapili hazikutangazwa.

Katika kanisa lile, mahubiri yakiisha, mchungaji huwataja wagonjwa na wafiwa wa juma hilo, kisha hutaja nani atakwenda kwa nani. Asiyetajwa hasogei. Desturi hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili nyumba moja isifurike wageni na nyingine isilale bila hodi. Nayo imekaa miaka mingi kiasi kwamba muumini hamtembelei hata jirani wa ukuta mmoja kabla hajasikia jina lake likitajwa.

Fundi Kisigino: Zamu wewe? Si ulipangiwa kwa seremala, yule aliyefiwa na mtoto, ukalala kwenye kiti mpaka wafiwa wakakufunika shuka?

Breki: Nilikaa nao! Mchungaji mwenyewe aliniambia, "Breki, wewe nenda kakae tu, usiseme kitu."

Mama Birika: Anakujua huyo.

Breki: Anatujua wote. Mtoto yule alimzika asubuhi, mchana akafungisha harusi. Mimi nilikula wali wa harusi pembeni yake. Alikuwa anatabasamu, lakini mkononi bado ana udongo. Hapa, kwenye kucha.

Mama Birika alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Mama Birika: Niseme ukweli? Naogopa labda ni mimi. Mwanangu akirudi amelewa, namwita mchungaji. Akivunja vyombo, namwita mchungaji. Juzi Ijumaa nilimlilia hapa hapa mpaka kahawa yake ikapoa. Akainywa hivyo hivyo.

Breki: Kama ni hivyo basi na mimi nimo. Utingo wangu aliyefia kwenye ile ajali, kila nikimkumbuka naenda kumsimulia. Stori ile ile, kona ile ile. Ananisikiliza kana kwamba imetokea leo.

Fundi Kisigino aliitema misumari kiganjani, jambo ambalo hulifanya tu anapotaka kusema kitu cha maana.

Fundi Kisigino: Mimi ananiletea viatu. Namshonea huku namwambia habari za mke wangu aliyeniacha. Sasa mjue, vile viatu havijachanika. Anavileta vizima. Nami navipokea, navipigia msumari mmoja ambao hauna kazi, tunaongea.

Mzee Ajenda: Ndiyo kazi aliyoitiwa. Tusiifanye ajenda.

Fundi Kisigino: Ngoja, mzee, hapa ndipo pana jambo. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti langu. Nikapita ule ujia wa mwisho, kwenye mlango wa daktari wa magonjwa ya akili. Nani yuko kwenye foleni? Mchungaji! Kainamisha kichwa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikapaza sauti, "Mchungaji! Umekuja kuwakemea pepo hawa?" Foleni nzima ikageuka. Akasimama, akasema, "Nimekosea mlango," akaondoka.

Breki: Eh!

Fundi Kisigino: Sasa mimi nasema hivi. Alikwenda kukemea, na pepo mmoja akatoroka, akamfuata nyumbani. Ndiye aliyemkaba Jumapili.

Breki: Naam! Pepo bubu! Tena huyo wa hospitali ni mkaidi, kishazoea sindano.

Mzee Ajenda: Hilo liingie kwenye maoni. Mchungaji kuonekana kwenye mlango ule ni jambo zito. Waumini wakisikia, watasema nini?

— Hakukosea mlango.

Wote waligeuka. Pembeni ya ukuta alisimama mama mtu mzima, vumbi la safari likiwa limemjaa hadi kwenye kope, begi begani na shuka lililokunjwa chini ya kwapa. Hawakujua amesikia kuanzia wapi. Nyuso zao zilisema wanahofia amesikia yote.

Mama Birika: Karibu, mama. Keti, nikupe kahawa.

Mgeni: Ahsante, mdogo wangu, sitaketi. Mimi ni dada yake mchungaji. Mkubwa wake. Na wewe, kaka mwenye nyundo, hakukosea mlango. Nimembembeleza tangu alipomzika wifi. Kila nikimpigia, namwambia, nenda ukaonwe, hiyo si dhambi, ni ugonjwa kama mwingine. Siku aliyokwenda alinipigia kabla hajaingia. "Dada, niko kwenye foleni." Baadaye akaniambia amerudi nyumbani. Hakuniambia kwa nini.

Misumari ilimponyoka Fundi Kisigino, ikatawanyika chini ya benchi. Hakuiinamia.

Fundi Kisigino: Mama, mimi nilikuwa natania tu.

Mgeni: Najua. Ndugu yangu pia alijua.

Mzee Ajenda alisimama, akalifunga koti lake vifungo vyote, kama afanyavyo akitaka kukaribisha wageni rasmi.

Mzee Ajenda: Mama, kwa niaba ya baraza la wazee, karibu sana. Usiwe na wasiwasi. Suala hili linashughulikiwa, linakuja mezani alasiri hii. Hata miwani yake aliyoiacha mimbarani iko salama. Hii hapa. Tutamkabidhi kikaoni.

Mama yule aliitazama miwani kama atazamavyo mtu kiatu cha mwanawe kilichookotwa kando ya mto.

Mgeni: Iko kwako tangu lini?

Mzee Ajenda: Tangu Jumapili. Kwa usalama.

Mgeni: Mzee wangu, yule bila miwani haoni hata tundu la kitasa. Hawezi kusoma. Hawezi kupiga namba ya simu ila ile anayoijua kwa vidole, nayo ni yangu. Jumapili mchana alinipigia. Akaniuliza kama lile shuka la marehemu mama bado ninalo. Nikamwambia ninalo. Akasema, "Vizuri." Kisha akanyamaza. Hakukata. Nikawa nasikia anapumua tu, mpaka chaji ikaisha. Tangu hapo simu haipatikani. Nimepanda basi la kwanza nililopata. Sasa niambieni.

Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Mgeni: Nani yuko naye?

Barabarani ilipita baiskeli. Birika lilichemka, kifuniko kikagonga-gonga, na Mama Birika hakukishika.

Mzee Ajenda: Nadhani akina mama wa huduma...

Mama Birika: Akina mama ndio sisi. Mimi nilidhani wazee.

Mzee Ajenda: Wazee hatukupangiwa.

Breki: Mimi nilidhani Fundi, maana ndiye anayemshonea viatu.

Fundi Kisigino: Sikutajwa.

Mgeni: Anayetaja ni nani?

Walilijua jibu wote, na lilikuwa limefungiwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya dirisha lisilofunguliwa tangu Jumapili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatangaza wagonjwa, naye hakujitangaza. Ndugu msomaji, Eliya alipojilaza chini ya ule mti, Bwana hakumtumia baraza. Alimtuma malaika, na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akamgusa tena. Mchungaji wao aliwasomea habari hiyo kwa kinywa chake, akairudia, na kuirudia tena. Nao walisikiliza vizuri sana, kisha wakaimba.

Breki ndiye aliyesimama kwanza. Kikombe chake kilipinduka, kahawa ikaenea kwenye ubao.

Breki: Twende.

Mzee Ajenda: Tuanze kwa sala fupi. Tufumbe—

Mgeni: Omba ukitembea, baba.

Naye Mzee Ajenda, ambaye hajapata kuvunja utaratibu tangu alipowekewa mikono, alivuka barabara akiomba macho wazi, sauti ikimkatika kila alipokanyaga shimo. Uzio ulikuwa umepakwa rangi upande mmoja tu. Kopo lilikuwa pale pale majanini, brashi imekauka imesimama ndani yake. Breki aliiona, akageuza uso. Mlangoni walisimama wamebanana, na ikawa hakuna anayejua agonge vipi. Miaka yote wao ndio waliogongewa.

Fundi Kisigino: Hodi!

Kimya.

Mama Birika: Mchungaji! Ni mimi, nimekuletea kahawa. — Lakini hakuwa amebeba kahawa.

Fundi aliliweka sikio kwenye ubao wa mlango. Mama Birika aliukamata mkono wa Breki, na Breki hakutania. Ndipo dada yake akasogea, akaweka begi chini, akagonga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Mgeni: Kitinda. Wewe kitindamimba wa mama. Ni dada. Shuka nimelileta.

Ndani, kiti kilisogea.

Mama Birika aliziba mdomo wake kwa upande wa khanga. Hatua zilikuja polepole, zikigusa ukuta. Ufunguo ulitafuta tundu, ukakosa, ukatafuta tena, ukapata. Mlango ulipofunguka alikuwa amesimama na shati lile lile la Jumapili, ndevu zimeota, macho ameyakunja kwa nguvu kuwatambua watu ambao kwake walikuwa vivuli tu. Aliona kwamba ni wengi. Aliona kwamba wamekuja pamoja, asubuhi, bila taarifa. Katika miaka yake yote ya utumishi hilo lilikuwa na maana moja.

— Nani anaumwa? — akauliza. — Ngojeni nichukue koti.

Breki alitazama miguu yake. Mzee Ajenda alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya tai, akanyoosha mkono, akafungua kinywa kutoa hotuba aliyoitoa katika misiba na harusi kwa maisha yake yote.

Mzee Ajenda: Mchungaji, sisi kama... Kwa niaba ya... Mchungaji, sina neno.

Mchungaji aliivaa miwani. Akawaona sasa, mmoja mmoja: Mama Birika aliyekuwa akilia waziwazi, Fundi aliyeshindwa kuinua uso, dada yake na shuka.

— Hata mimi sina, — akasema. — Basi ingieni hivyo hivyo.

Waliingia. Chumba kilinuka hewa ya kufungiwa. Mezani palikuwa na chupa yake ya kahawa, tupu, na kando kiti kimoja kilikuwa kimeelekezwa ukutani. Dada yake alifungua dirisha kwanza, halafu akamketisha kitini, akamtandikia shuka magotini, bila kumuuliza lolote. Yeye akawa anahangaika, akigeuka huku na huko, kama mwenye nyumba aliyeaibishwa na wageni.

— Viti havitoshi, — akasema. — Mtanisamehe. Viti havitoshi.

Breki na Fundi Kisigino walikuwa wamekwisha kutoka. Waliopita barabarani asubuhi ile walilazimika kusimama na kuwapisha, kwa maana kijiwe kizima kilikuwa kinahama: Breki mbele, Fundi nyuma, benchi katikati bado linadondosha kahawa, na nyuma yao Mama Birika, aliyekimbia kuchukua birika lake kwa mkono mmoja na vikombe kwa mkono wa pili, akimkemea kila mwenye gari aliyethubutu kupiga honi.

Mlangoni benchi likagoma. Lilikuwa refu mno.

Fundi Kisigino: Linyanyue upande wako!

Breki: Nimenyanyua! Wewe unasukuma badala ya kukata kona. Kata kona, bwana, umeendesha nini maisha yako?

Fundi Kisigino: Viatu!

Mzee Ajenda: Tuafikiane kwanza, mguu upi unaanza kuingia.

Mchungaji, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliliweka shuka pembeni, akasimama, akakunja mikono ya shati, akanyoosha mikono yake miwili kulipokea benchi lile ili awasaidie kulibeba.

Dada yake alimshika bega.

— Kaa chini, Kitinda. Hili hulibebi wewe.

Akakaa.